Kitambulisho cha chuo hakikufuatilii

Je, kitambulisho cha chuo kinaweza kukufuatilia? Hapana, kadi hii ya kugusisha getini haiwezi kuonyesha uko wapi ndani ya chuo. Haina betri wala GPS. Chipu yake huamshwa na mawimbi ya mashine ya getini, na kadi zinazotumia mawimbi ya megahezi 13.56 lazima uzisogeze karibu kabisa, sentimita chache tu. Mimi ni fundi wa kuweka mageti haya hapa Moshi. Imulike kadi yako kwa tochi ya simu, nyingi utaona waya mwembamba umezungushwa ndani: hiyo ndiyo antena. Ila kompyuta ya mageti inabaki na namba ya kadi, geti na saa uliyogusisha. Hapo ndipo pa kuwabana wakuu wa chuo: nani anaziona rekodi hizo, na zinafutwa lini? Stika za magari za UHF (mawimbi ya masafa ya juu zaidi) ni habari nyingine, zile husomwa hata mita kadhaa.