Mama ana kisukari, sindano ya sukari gotini si itampandisha?

Swali lilikuja refu, nimelifupisha: "Shikamoo dokta. Mimi ni seremala, niko Ngamiani hapahapa Tanga. Mama yangu ana miaka 61, magoti yanamsumbua mwaka wa tatu huu, la kulia ndo zaidi, na ana kisukari anatumia metformini. Mwaka jana alichomwa sindano gotini akapata nafuu kama miezi miwili hivi, maumivu yakarudi. Sasa kuna sehemu wametuambia awe anachomwa kila mwezi, na mtu mwingine katuambia ipo sindano ya sukari inayojenga kano. Nimeogopa, mtu ana kisukari unamchomaje sukari? Na mimi mwenyewe kiwiko cha kulia kwa nje kinauma tangu Ramadhani, nikipiga randa au nikikaza bisibisi ndo usiseme. Na mimi nichome?"

Marahaba mwanangu, na mama mpe pole sana.

Nianze na hilo la sukari maana ndo lililokutia hofu. Dekstrozi wanayochoma gotini ni ileile iliyoko hospitali zote, ile anayopewa mgonjwa kwenye mshipa sukari ikishuka akazimia. Inakuja ya asilimia 50, wanaipunguza makali kwa maji ya chumvi ya hospitali na dawa ya ganzi mpaka inafika asilimia 25 kwa kuingia ndani ya goti na kama 15 hivi kwa kano za nje kuzunguka goti. Haya piga hesabu na mimi. Mililita 6 za asilimia 25 zina gramu moja na nusu ya sukari, na hata wakimaliza mililita 22 za asilimia 15 kule nje hiyo ni gramu 3 na kitu, jumla hazifiki gramu 5, yaani kijiko kimoja cha chai. Kikombe kimoja cha chai cha mama kabla hajaambiwa ana kisukari kilikuwa na zaidi ya hapo. Kwa hiyo dekstrozi yenyewe haitompeleka mama pabaya.

Ile ya mwaka jana sasa, hiyo ndo ya kuangalia. Nafuu ya haraka halafu miezi miwili yakarudi, hiyo karibu kwa hakika ilikuwa steroidi, wengine wanaita kotizoni, kwenye kichupa utakuta imeandikwa triamsinoloni au methilipredinisoloni. Ndani yake hamna hata chembe ya sukari lakini kwa mwenye kisukari ndo inayopandisha, maana inalifanya ini limwage sukari zaidi kwenye damu na insulini inakuwa haifanyi kazi yake sawasawa, sukari inaanza kupanda siku hiyohiyo au kesho yake na inaweza kukaa juu siku kadhaa mpaka wiki. Je wiki ile mlimpima? Wengi hawaambiwi kabisa, mtu anaanza kukojoa mara nyingi usiku na kiu haishi, nyumbani wanadhani ni joto la Tanga au kala tende nyingi. Mtu mwenye kisukari akichomwa steroidi popote pale, goti, bega, kisigino, apimwe sukari kila siku kwa wiki nzima, na aliyemwandikia metformini ajue kabla.

Ndio maana mimi kila mgonjwa anayekuja na habari ya "nilichomwa sindano" namuuliza jina la dawa, na tisa kati ya kumi hawajui. Tena kuna wanaochanganya kabisa, anasema amechomwa sindano ya goti kumbe ni diklofenaki ya matakoni, hiyo ni dawa ya maumivu ya mwili mzima, haijaenda gotini popote, na kwa mama wa umri huu mwenye kisukari ikizoeleka inamharibia figo na kumtia vidonda vya tumbo. Akiwa anachomwa hizo madukani kila goti likikaza, zisimame.

Sasa kila mwezi steroidi, hapana. Hapo nakwambia bila kuzunguka. Kuna utafiti wa Marekani uliotoka 2017, watu 140 wenye magoti yaliyolika, nusu wakachomwa triamsinoloni miligramu 40 kila baada ya wiki 12 kwa miaka miwili, nusu wakachomwa maji ya chumvi tu. Mwisho wa miaka miwili maumivu yalikuwa hayana tofauti kati ya makundi mawili, ila waliochomwa steroidi gegedu lao, ile nyororo inayofunika ncha za mifupa, lilikuwa limelika zaidi. Na hao ni kila miezi mitatu. Sasa wewe unaambiwa kila mwezi, anayekwambia hivyo muulize anafuata mwongozo gani. Steroidi ina mahali pake, goti limevimba limejaa maji mtu hata kusimama hawezi, moja inaweza kumpa nafasi ya kupumua aanze mazoezi, lakini si kitu cha kupangiwa tarehe kama chanjo.

Hiyo ya dekstrozi jina lake prolotherapia. Si ngeni, daktari wa upasuaji wa Marekani anaitwa George Hackett ndo aliyeieneza miaka ya 1950, yeye aliamini maumivu mengi ya mgongo na viungo yanatoka kwenye ligamenti zilizolegea, zile kano zinazofunga mfupa kwa mfupa, kwa hiyo unazichokoza kwa dawa inayowasha kidogo pale zinaposhikana na mfupa, mwili unaleta uvimbe mdogo wa kutibu, na uvimbe huo unaleta seli za ukarabati zinazotengeneza kolajeni mpya. Zamani walitumia dawa kali kuliko hizi, siku hizi wengi wanatumia dekstrozi kwa sababu ni rahisi na ni salama. Hayo ndo maelezo ya wanaoitumia. Mimi naangalia zaidi mgonjwa anakuwaje baada ya mwaka, na kwa goti kuna cha kuangalia: utafiti wa Wisconsin uliotoka 2013, watu 90, kundi moja dekstrozi, la pili maji ya chumvi, la tatu mazoezi ya nyumbani peke yake, sindano zilikuwa wiki ya 1, ya 5 na ya 9 na wengine wakaongezewa mbili. Baada ya wiki 52 wa dekstrozi walikuwa wamepata nafuu kubwa kuliko makundi mengine. Watu 90 si wengi, lakini ni kitu, na hawakuumizwa.

Ila usije ukabeba hiyo ukaipeleka kwenye mgongo wa jirani. Huko Australia walijaribu kwa watu 110 wenye maumivu sugu ya kiuno, matokeo yakatoka 2004, waliochomwa glukosi na waliochomwa maji ya chumvi wote walipata nafuu na hakukuwa na tofauti kati yao. Kwa hiyo mtu akikwambia prolotherapia inatibu kila kiungo, goti mgongo shingo nyonga, huyo anauza.

Najua na ya damu mtasikia, ile unatolewa damu yako inazungushwa kwenye mashine wanachukua plazma, ile sehemu ya majimaji, yenye chembe sahani wanakurudishia gotini. Ni ghali, na kwenye utafiti mkubwa wa Australia wa 2021, watu 288, baada ya miezi 12 haikushinda maji ya chumvi. Hela ya mama isiende huko.

Haya, kwa mama mimi ningefanyaje. Kwanza eksirei ya magoti yote mawili akiwa AMESIMAMA, hili lisemeni wenyewe pale kwenye chumba cha picha maana akilazwa kitandani mifupa inaachana na nafasi inaonekana nzuri wakati akisimama haipo. Pili sukari. Kama asubuhi kabla hajala inasoma 13 au 14 kwenye kipimo (mmol/L), hakuna sindano ya aina yoyote kwenye kiungo, irekebishwe kwanza, kisukari kisichotulia kinakaribisha usaha. Tatu, aende fiziotherapia, pale hospitali ya Bombo muanzie hapo, na hii sisemi kwa sababu ni rahisi. Mwaka 2020 walilinganisha Marekani watu 156, nusu steroidi nusu fiziotherapia, baada ya mwaka wa fiziotherapia walikuwa na maumivu kidogo na wanatembea vizuri zaidi. Msuli wa mbele ya paja ukiwa dhaifu goti linabeba kila kitu lenyewe. Akae kwenye kiti, anyooshe mguu mmoja mpaka goti linyooke kabisa, ahesabu mpaka kumi, ashushe taratibu, mara kumi kila mguu, asubuhi na jioni. Halafu kukaa na kuinuka kwenye kiti bila kushika. Yataleta kauchungu mwanzoni, hakuna neno, mradi kesho yake asubuhi goti halijavimba. Na baiskeli, si tuko Tanga bwana, kila nyumba ina baiskeli na mji wenyewe hauna vilima, akiweza kupanda apande, goti linazunguka bila kubeba uzito.

Kama ana mwili, kila kilo moja inayopungua inapunguza kama kilo nne za mzigo kwenye goti kwa kila hatua. Kilo tano tu, fikiria hatua za kwenda sokoni na kurudi.

Na kukuna nazi kwenye mbuzi apumzike, ile kukaa chini kabisa goti limekunjwa nusu saa ni mateso kwa goti lililolika, wajukuu wapo. Kwenye swala asali kwenye kiti wala asione haya, muulizeni imamu wenu atawaambia mgonjwa ana ruhusa.

Miezi mitatu ya hayo kwa dhati, sio leo anafanya kesho hafanyi. Goti bado linamnyima usingizi, hapo ndo tunaweza kuzungumza dekstrozi, na mchomaji awe daktari aliyefundishwa viungo, ikiwezekana anaangalia kwa ultrasaundi sindano inaingia wapi. Siku mbili tatu baada ya sindano goti litauma zaidi, hiyo inategemewa, mpe parasetamoli, usimpe diklofenaki wala ibuprofeni kwa sababu kazi yenyewe inafanywa na ule uvimbe na hizo zinauzima.

Kisichotegemewa ni hiki, na naomba ukisome mara mbili: goti linazidi badala ya kupungua, limekuwa jekundu, la moto, limejaa, na homa au kutetemeka, hata mguu hawezi kuukanyagia. Huo ni usaha ndani ya kiungo mpaka ithibitishwe sio, na kwa mwenye kisukari homa inaweza isiwepo kabisa. Hapo ni hospitali SAA HIYOHIYO, hata kama ni usiku, hata kama aliyemchoma anasema mpe siku mbili. Gegedu linaweza kuharibika ndani ya siku chache na halioti tena. Kwa hiyo chumbani mkikuta dawa inavutwa kwenye kichupa kilichokwisha kutobolewa kinachochangiwa na wagonjwa wote, au mtu anachoma bila kusafisha ngozi na bila glavu, mchukue mama mwondoke, wala msione aibu.

Kiwiko chako sasa. Kwa maelezo yako, nje ya kiwiko, kushika na kukaza, ni tendoni, zile kamba zinazofunga msuli kwenye mfupa, za misuli inayoinua kiganja zimechoka pale zinaposhika mfupa, ugonjwa wa maseremala, wavuvi wanaovuta nyavu, hata wapishi. Wewe usichome steroidi. Huko Brisbane watu 198 wenye kiwiko kama chako, yalitoka 2006, waliochomwa steroidi wiki ya 6 walikuwa wazuri kuliko wote, unaweza kudhani wamepona, halafu wengi wao yakarudi na baada ya mwaka walikuwa wabaya kuliko hata wale ambao hawakufanyiwa chochote waliambiwa tu wasubiri. Steroidi inadhoofisha tendoni, na ile kubwa ya nyuma ya kisigino imeshakatika kwa watu kadhaa baada ya kuchomwa, kwa hiyo ukisikia mtu anaumwa hapo mkataze kabisa.

Fanya hivi: mkono uulaze mezani kiganja kikining'inia ukingoni kimeangalia chini, shika kitu cha kilo moja, chupa ya maji ya lita inatosha, inua kwa kusaidiwa na mkono wa pili, shusha wenyewe taratibu kwa sekunde nne tano. Mara 15, raundi tatu, kila siku, wiki 8 mpaka 12. Mpini wa bisibisi uzungushie mpira unenepe ili usiubane sana, na randa uwe unapumzika kabla hakijaanza kuuma. Usiache kazi kabisa, tendoni inataka mzigo, ila mzigo wa kiasi. Na ukiandikiwa siprofloksasini kwa ugonjwa mwingine wowote mwambie daktari una tendoni inayouma, dawa ile inajulikana kukata tendoni, kuna mbadala.

Mkifika kwenye dekstrozi kwa mama, akubaliane na daktari kabla ya sindano ya kwanza kwamba mnaangalia kitu kipi, kwa mfano anainuka sijda bila kushikwa au anapanda ngazi za nyumbani, na kila sindano iandikwe kwenye daftari lake la kliniki jina la dawa, kiasi na tarehe. Baada ya sindano tatu zilizopishana wiki nne, kitu hicho kikiwa palepale, msichome ya nne, hiyo hela mpeleke mama hospitali ya KCMC Moshi au Muhimbili kwa daktari wa mifupa na ile eksirei yenu ya kusimama mkononi, aangalie kama goti limefika pa kubadilishwa.