Usiwachagulie vijana mradi, na kura yao waachie wenyewe

Mleta uzi, simama hapo hapo kabla hujachapisha hizo fulana.

Umeandika kwamba wewe na wenzako mnaanzisha klabu ya huduma kwa jamii ya vijana wa miaka 14 hadi 18. Mradi wa kwanza mmeshaupanga, chumba cha kusomea. Uongozi mtaushika ninyi watu wazima kwa miaka miwili "mpaka vijana wakomae", kisha mtawakabidhi. Halafu ukauliza kuhusu usajili, ada, wafadhili, na kama umri huo unafaa. Mimi nakujibu lile ambalo hukuliuliza, maana ndilo litakaloiua klabu yenu: hiyo miaka miwili. Ifute kwenye rasimu leo, kabla mjumbe mwingine hajaizoea.

Mpango wako naujua maana ndio uliokuwa wa klabu yetu ya vijana. Hata hayo maneno "mpaka wakomae" yalikuwemo kwenye katiba yetu. Aliyetuletea ni mkufunzi mmoja wa semina za uongozi, mtu wa makabrasha na vyeti. Alituambia vijana hujifunza kuongoza kwa kuwatazama viongozi. Akachora ubaoni: watu wazima juu, vijana chini, mishale ikishuka. Hakuna mshale hata mmoja uliopanda. Nikiukumbuka ule mchoro bado nachemka. Baadaye tulikuja kujua kwamba hajawahi kulea klabu ya vijana hata moja, na siku ile hakuthubutu kusema. Tulikuwa ukumbi mzima wa watu wenye nia njema, tukaandika kila neno lake.

Basi sikiliza kilichotokea.

Kamati, nami nikiwa mjumbe, iliamua mradi wa kwanza uwe chumba cha maktaba. Wafadhili wanapenda kitu kinachopigika picha, na chumba chenye rafu kinapigika vizuri sana. Tukapata chumba, tukatengeneza rafu, tukakusanya vitabu. Vijana tukawapa kazi ya kupaka rangi, kupanga viti na kusimama mbele ya kamera wakiwa na fulana. Walifanya kwa moyo mmoja. Mgeni rasmi akaja, utepe ukakatwa, hotuba zikatolewa, zote za watu wazima. Kijana mmoja alipewa nafasi ya kutoa neno la shukrani, na neno lenyewe aliandikiwa.

Kisha ikaja zamu. Ratiba ilibandikwa mlangoni ikiwa na majina ya vijana, nayo tuliipanga sisi bila kuwauliza nani ana nafasi lini. Mwanzoni walikuja. Baadaye wakawa wanaachiana, kisha akabaki mmoja mwaminifu aliyekaa peke yake na daftari lake. Ufunguo ulikuwa kwa mweka hazina, mtu mzima mwenzetu, na akisafiri chumba hakifunguliwi. Na vile vitabu! Vingi vilikuwa vile ambavyo watu walikuwa wakitafuta pa kuvitupa: miongozo ya mashine zisizotumika tena, sheria zilizokwisha kurekebishwa. Hakuna aliyewauliza vijana wanasoma nini, wala kama walihitaji chumba.

Na walikuwa wamesema wanachohitaji. Hapo ndipo panaponiuma zaidi. Kulikuwa na binti tuliyemruhusu kuandika mihtasari ya vikao kwa sababu mwandiko wake ulikuwa mzuri. Klabu ilipokwisha kulala nilikaa na lile daftari nikalisoma lote. Kwenye kikao cha kwanza kabisa ameandika: "Pendekezo la vijana: kuwafundisha hesabu wanafunzi wa madarasa ya chini, jioni. Jibu: litaangaliwa." Kikao kilichofuata, pendekezo lile lile, "litaangaliwa". Mbele kidogo: "Pendekezo la hesabu: kama awali." Tena na tena, kama awali, kama awali, kwa mwandiko ule ule ulionyooka, na chini yake sahihi ya mwenyekiti mtu mzima akithibitisha kwamba muhtasari ni sahihi. Tulikuwa tukitia sahihi kwenye ushahidi wa kutowasikiliza.

Walipoondoka hawakugombana na mtu. Kijana hajiuzulu kwa barua. Kwanza ana mtihani, kisha ana mgeni nyumbani, mwishowe simu haipokelewi. Ukisubiri siku watakapokuja kulalamika utasubiri sana, maana walishalalamika kwa njia walizopewa na wakajibiwa "litaangaliwa".

Gharama kubwa haikuwa rafu wala rangi. Yule binti na wenzake kadhaa walianza kufundisha hesabu wenyewe, jioni, wakiwa na ubao wa kuazima, bila fulana, bila bajeti, bila sisi. Kazi ambayo klabu iliundwa ili ifanyike ilikuwa inafanyika nje ya klabu, na waliokuwa wakiifanya ni wale wale tuliosema bado hawajakomaa. Tulipomweleza mkufunzi wetu kwamba klabu imelala, alijibu kwamba vijana wa siku hizi hawana moyo wa kujitolea. Hawana moyo! Muda ule ule aliokuwa akisema hivyo kulikuwa na watoto waliokaa mbele ya ubao wa kuazima wakifundishwa hesabu na vijana hao hao.

Na usiniambie kwamba vijana wenu ni tofauti. Vijana wa kila mtu huwa tofauti mpaka siku ya zamu.

Haya si mambo niliyoyabuni kwa hasira. Mwaka 1992 Roger Hart, mtafiti wa masuala ya watoto, aliiandikia UNICEF maelezo ya ushiriki wa watoto akitumia mfano wa ngazi yenye vipandio vinane. Vitatu vya chini alisema wazi kwamba si ushiriki: watoto kutumiwa, watoto kufanywa mapambo, na watoto kuwekwa kwa jina tu. Mfano alioutoa wa kuwafanya mapambo ni watoto kuvalishwa fulana za kampeni na kuimba au kucheza kwenye shughuli ambayo hawaielewi vizuri na hawakuwa na kauli katika kuipanga. Fulana, mleta uzi. Nilipoisoma sehemu hiyo niliona uzinduzi wetu wote, kuanzia utepe hadi neno la shukrani. Na kipandio cha juu kabisa alichokiweka si vijana kuachwa peke yao. Ni pale wanapoanzisha jambo wenyewe kisha wakaamua pamoja na watu wazima. Kwa hiyo sikuambii mjitoe. Nakuambia msitangulie.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 nao unasema katika ibara ya 12 kwamba mtoto anayeweza kuwa na maoni yake ana haki ya kuyatoa katika mambo yanayomhusu, nayo yapewe uzito kulingana na umri na ukomavu wake. Ukomavu umetajwa pale ili kupima uzito wa maoni. Haukutajwa ili kumnyamazisha mtu miaka miwili. Kijana wa miaka 16 anayejua ni wanafunzi gani wa madarasa ya chini wanafeli hesabu ana taarifa ambayo kamati yenu nzima haina.

Ukitaka kuona wakongwe wanafanyaje, wapo: klabu za vijana zilizo chini ya Kiwanis, Lions na Rotary, mashirika ya kimataifa ya watu wazima wanaojitolea kuhudumia jamii. Key Club ya Kiwanis ilianza mwaka 1925 katika shule ya sekondari Sacramento, California, na mpaka leo ni klabu inayoongozwa na wanafunzi wenyewe. Klabu ya kwanza ya Leo chini ya Lions ilianza mwaka 1957 kwenye sekondari ya Abington, Pennsylvania. Interact ya Rotary, ya vijana wa miaka 12 hadi 18, ilianza mwaka 1962 huko Florida. Inadhaminiwa na klabu ya watu wazima, lakini viongozi wake ni vijana na miradi ni yao: kila mwaka angalau mmoja wa kusaidia shule au jamii, na mmoja wa kukuza maelewano ya kimataifa. Hakuna hata moja kati ya hizo inayosema wakae kwanza miaka miwili wakitazama.

Hata wakongwe hao, hata hivyo, wana pa kujifunzia. Rotaract, nayo ya Rotary lakini ya vijana wakubwa zaidi, ilianza mwaka 1968, na klabu zake zilihesabiwa kama programu ya Rotary, si wanachama wake, mpaka mwaka 2019 zilipokubaliwa kuwa aina ya uanachama. Miaka 51. Kukabidhi kunakoahidiwa kwa "baadaye" kuna tabia ya kusogea mbele, kwa sababu anayeamua kwamba wakati umefika ni yule yule aliyeshika kiti.

Najua wasiwasi wako ni pesa. Ulisema "wakipewa hesabu wataziharibu". Mweka hazina awe kijana. Yeye ndiye aandike daftari, atunze risiti na asome taarifa mbele ya wenzake. Kwenye akaunti ya benki waweke sahihi na watu wazima wawili, maana walio chini ya miaka 18 mara nyingi hawawezi kusaini peke yao. Ila mkubaliane kwa maandishi sahihi hiyo maana yake ni nini: mtu mzima anakagua kwamba risiti ipo na kwamba matumizi yalipitishwa na kikao. Hasaini au kukataa kusaini kwa sababu mradi haumfurahishi. Mkiacha hilo bila kuandikwa, kalamu ya mlezi itageuka kura ya turufu. Pia tenganisheni mafungu mawili tangu siku ya kwanza, ada za wanachama kwa uendeshaji, na michango ya watu wa nje kwa huduma tu. Lions wana utaratibu huo na ni mzuri, kwa sababu anayechangia watoto wasome hapaswi kukuta amelipia viti vya mkutano.

Kuna jambo moja ambalo halipigiwi kura, nalo ni usalama wao. Mtu mzima asikae faragha na kijana mmoja, si kwenye gari, si ofisini, si kwenye simu za usiku. Wazazi wajue safari ni ya wapi na nani anaongozana nao, na ruhusa iwe ya maandishi. Kila mlezi achunguzwe kabla ya kupokelewa, hata kama ni rafiki yako wa siku nyingi. Kijana awe na mtu zaidi ya mmoja wa kumwendea akiwa na tatizo. Hapo ndipo ukali wenu wote unapotakiwa.

Mengineyo, waachie. Nasema hivi kwa sababu sisi ilibidi turudi. Tulikwenda kwa wale vijana wa hesabu, tukawaomba watupokee kama walezi wao. Walitujadili bila sisi kuwepo, wakatukubali kwa masharti: mlezi hakai meza ya mbele, hapigi kura, na anazungumza akiulizwa au akiona hatari. Sharti la tatu ndilo gumu. Siku walipoamua kuandaa tamasha la michezo ili wachangishe pesa za vitabu vya mazoezi, kila mlezi aliona kwamba gharama zitameza mapato. Hakukuwa na hatari yoyote, kwa hiyo tulinyamaza, na kunyamaza kule kulitutoa jasho. Tamasha likaleta kidogo sana. Mweka hazina wao, kijana mwembamba asiyependa kuongea, alisimama akasoma kila mstari wa matumizi, akafika kwenye kukodi vipaza sauti, akatulia, akasema, "Hapa ndipo pesa zetu zilipokwenda." Mwaka uliofuata walikata bajeti wenyewe, na vipaza sauti waliviomba bure kwa mzazi mmoja. Semina ya yule mkufunzi isingemfundisha mtu jambo hilo. Hakuna aliyejua kuendesha baiskeli kwa kupakiwa nyuma.

Kwa hiyo kikao chenu cha kwanza kisiwe na mradi mezani. Weka ajenda moja tu: wanaona nini kinachohitaji kufanyika. Waandike kwenye karatasi bila majina, maana wale wapole hawatazungumza mbele yenu. Wapige kura ya siri, kwanza ya viongozi, kisha ya mradi. Wakichagua chumba cha kusomea, vizuri, sasa ni chao na ufunguo wawe nao. Wakichagua kingine, hicho chumba mlichokichangia mtakitafutia kazi. Na kila pendekezo linalokataliwa liandikwe na sababu yake. Neno "litaangaliwa" lisiruhusiwe kwenye daftari bila tarehe na jina la atakayeliangalia.

Umri wa 14 hadi 18 unafaa, ila fikirini mapema anayetimiza 18 anakwenda wapi, mkimwacha hewani mtapoteza walezi wazuri wa kesho. Ada wapange wao. Usajili na wafadhili wadau wengine watakujibu, maana usajili unategemea sheria za mahali mlipo na mimi nimeshaandika vya kutosha.

Nitumie hapa kifungu cha uongozi cha rasimu yenu, kile chenye hayo maneno "mpaka wakomae", nikuonyeshe jinsi ya kukiandika upya kabla hamjakaa kikao.