Wakufunzi wangu hawapatani, nifundisheje netiboli?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Niko kwenye mafunzo kwa vitendo, darasa la tano, watoto 68, mipira miwili. Mkufunzi mmoja anataka nianze na pasi ya kifua na kudaka, mchezo uje baadaye. Wa pili anataka nianze na mchezo wenyewe, kwa njia ya Bunker na Thorpe, wataalamu wa kufundisha michezo. Wa tatu anasema nibadilishe uwanja na sheria tu, maelekezo niyaache. Wote watakuja kunikagua. Nimfuate nani?
Mwanafunzi wa ualimu, Morogoro

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usimchague yeyote kwa kuogopa alama. Ngoja nikusimulie nililoliona mwenyewe.

Mwaka wangu wa tatu kazini nilikuwa nawapanga wasichana mistari miwili, wanapasiana kifuani, unatazama unafurahi. Siku ya mechi pasi zile zile zikawa zinaishia mikononi mwa wapinzani, timu nzima imerundikana kwenye mpira kama vifaranga kwenye punje. Mikono yao ilijua kazi. Macho sikuwa nimeyafundisha. Wiki iliyofuata nikachora kwa majivu kisanduku cha hatua nane kwa nane: watatu wanapasiana, mmoja anawania, na mpira haukai mkononi zaidi ya sekunde 3. Katoto kamoja kafupi, kalikokuwa kakiukimbilia mpira kila mara, kakasimama ghafla, kakarudi pembeni, kakanyoosha mkono: "Nipo!" Sikuwa nimekaambia neno.

Mkufunzi wako wa pili atasema mtoto yule ameuelewa mchezo. Ndivyo walivyoandika Bunker na Thorpe mwaka 1982 kule Uingereza: mtoto ajue kwanza afanye nini na kwa nini, kisha namna ya kufanya. Wa tatu atasema kisanduku ndicho kilichomsukuma. Karl Newell, mtaalamu wa mwendo wa mwili, mwaka 1986 alieleza kwamba mwendo wa mwili unatokana na mambo matatu yanapokutana: mtoto mwenyewe, mazingira, na kazi aliyopewa. Ubishi huo ni wa kweli, usiufunike kwa maneno matamu. Lakini wote wawili wangeshika majivu yale yale wakachora kisanduku kile kile, na wewe kazi yako iko hapo kwenye kisanduku.

Wa kwanza naye hajatupwa. Katika hatua sita za Bunker na Thorpe, ufundi wa mwili ni ya tano, baada ya mtoto kujifunza kuamua. Basi pasi ya kifua mfundishe yule anayemwona mwenzake yuko huru ila mpira haumfikii. Huyo anaitaka, ataishika upesi.

Kinachobaki ni lini upulize filimbi na kuuliza, na hapa kweli wanatofautiana. Mimi huwaacha wacheze, nakibadilisha kisanduku mara moja, nakipanua au nakipunguza. Wakiendelea kurundikana ndipo nawasimamisha: "Mwenye mpira anamwona nani?" Kisha nanyamaza mpaka mmoja wao ajibu, hata kimya kikiwa kirefu.

Watoto 68 ni visanduku 17, nawe una mipira miwili. Nenda mapumziko ukatazame wasichana wakicheza rede. Ule mpira wa soksi na matambara haudundi, lakini kwa kupasiana unatosha kabisa. Waambie waje nayo kumi na mitano Jumatatu.