Stika za namba kuwa na weupe kwenye kichwa cha treni ya mfano

Mdogo wangu wa Tabora, umesema umepaka upya kichwa chako cha treni ya mfano cha kipimo cha 1:87 (yaani kidogo mara 87 kuliko halisi), rangi imekubali vizuri, ila stika za maji zenye namba, zile zinazolowekwa kabla ya kubandikwa, zina weupe kama ukungu. Pole. Stika haina kosa; hiyo ni hewa iliyonaswa chini yake. Rangi isiyong'aa ina vijishimo vidogo, na maji yakikauka hewa inabaki humo.

Zilizokwisha kubandikwa zitoboe kwa ncha ya sindano, dondoshea siki iliyozimuliwa kwa maji, kisha kandamiza taratibu kwa pamba. Zikigoma, zing'oe kwa selotepu, usizionee huruma.

Safari ijayo puliza kwanza vanishi inayong'aa, subiri siku nzima, bandika, ndipo umalizie na isiyong'aa. Puliza alfajiri kabla upepo haujaamka. Vumbi la kiangazi hapa kwetu liliwahi kunigeuzia behewa zima kuwa msasa!

Halafu, hukuuliza, lakini reli ya zamani ya kwenda Kigoma ina upana wa mita 1. Kwa kipimo chako ingekuwa karibu milimita 11.5, nawe umetandika reli za upana wa 16.5. Mimi nisingejali.