Tambo za kwenye gemu, na usiku niliosikia sauti ya mama wa mtu

Gemu nilijifunzia kibandani, Magomeni, enzi za shilingi mia tano kwa mechi na anayefungwa anampisha mwingine. Tambo ilikuwa nusu ya burudani yenyewe. Ukipigwa tatu bila, unaambiwa nenda nyumbani ukaoshe vyombo, na zamu yako ikifika unalipiza. Lakini uliyemchamba mmekaa benchi moja, magoti yanagusana. Ukiona kanyamaza, taya limemkaza, unajua umezidisha. Unamnunulia kashata yanaisha.

Nikahamia PUBG Mobile, gemu ya simu ya kupigana risasi kwa timu kupitia mtandao, nikidhani ni kibanda kilekile. Wapi! Unapangwa na watu watatu usiowajua, na cha mtu unachokipata ni sauti tu. Usiku mmoja tulishuka Pochinki, mji wa humo kwenye gemu, nikaangushwa kwa risasi, nikamwita mwenzetu aje aniinue kabla sijafa. Akakimbia. Nikamwita boti, yaani mchezaji wa kompyuta asiye na akili, nikamwita na mengine ambayo siyaandiki hapa, hadi maiki yake ikaleta sauti ya mwanamke kwa mbali: "Huyo anayekutukana ni nani, mwanangu?"

Kitoto kikajibu, "Ni wa timu yangu, mama."

Nina miaka 31, jamani.

Watu husema ni utani tu. Mimi nimekulia kwenye utani. Mchaga na Mpare wanaweza kurushiana maneno hata msibani na asinune mtu, kwa sababu kila mmoja anajua mwenzake ni mtani wake. Yule mtoto hakuwa mtani wangu. Hakuna aliyemuuliza.

Halafu kuna suala la jina. Humo ndani naitwa MzeeWaKulaza. Nilijipa kwa mzaha, ila ukiitwa hivyo kila usiku, unaanza kuongea kama huyo mzee. Wiki hiyohiyo kijana wa ofisini alikosea hesabu, nikamwandikia kwenye kundi la WhatsApp, "wewe boti kweli." Hakuna aliyecheka. Mke wangu alikuwa ameshaniuliza zamani naongea na nani kwa sauti ile, nikampuuza.

Kwa hiyo, ukiangushwa, zima maiki kwanza. Maneno mabaya kuliko yote hutoka wakati ule unatambaa huku unaangalia damu inavyoisha. Ukishatulia, sema kinachotakiwa kufanyika: "rusha bomu la moshi kwanza wasituone, ndiyo uje." Hiyo inakuinua, "boti" haijawahi kumwinua mtu. Maiki iache kwa timu tu, siyo kwa uwanja mzima. Na ukitukanwa, mfungie sauti kimyakimya. Ukitoa hotuba ya kuaga umeshaingia kwenye ugomvi.

Tambo sijaacha, nisidanganye. Nimezibakiza kwa rafiki yangu wa kibandani, Yanga damu, mimi Simba. Jumamosi kanifunga mara nne, kisha kanitumia ujumbe wa sauti wa dakika mbili. Nimeusikiliza wote, mara mbili, na jibu bado nalitunga.