Wakili Anajibu: Simu Yangu, Nyumba Yangu na Mkono wa Dola

Barua za mwezi huu zimetoka Mwanza mjini, visiwani na katika wilaya jirani, na karibu zote zinahusu mwananchi anapokutana na askari au kiongozi wa Serikali asijue mamlaka ya mwenzake yanaishia wapi. Nimechagua nne, na majina ya waandishi nimeyaacha kwa maombi yao.

*Mheshimiwa Wakili, mimi ni dereva wa bodaboda hapa Mwanza. Jioni moja askari wawili walitusimamisha kijiweni, mmoja akiwa na sare na mwenzake amevaa kiraia. Walikagua leseni na bima, kisha yule wa kiraia akaniamuru nifungue simu. Alisoma meseji zangu, akaingia kwenye picha, akaangalia hata miamala ya pesa. Baadaye akanirudishia na kusema, "Nenda, huna shida." Je, alikuwa na haki hiyo, na mimi ningeweza kukataa?*

Sheria ya Usalama Barabarani inampa askari mamlaka ya kumsimamisha dereva na kukagua leseni yake, bima na hali ya chombo. Mamlaka hayo yanahusu pikipiki na karatasi zake, wala hayaingii ndani ya simu. Ibara ya 16 ya Katiba ya mwaka 1977 inayalinda mawasiliano ya mtu sambamba na familia yake na maskani yake, na inaitaka Serikali iweke utaratibu wa kisheria kuhusu lini, kwa namna gani na kwa kiasi gani haki hiyo inaweza kuingiliwa. Maana yake ni kwamba askari anayetaka kusoma ujumbe wako lazima awe na sheria anayoisimamia, na hamu ya kujua unaongea na nani haitoshi.

Sheria hizo zipo, na wanaokuambia vijiweni kwamba polisi hawawezi kugusa simu ya mtu kamwe wanakupoteza. Mtu aliyekamatwa kwa kosa anaweza kupekuliwa, na kitu kinachohusiana na kosa hilo kikachukuliwa, simu ikiwemo. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 nayo inamruhusu mkuu wa kituo cha polisi, au ofisa wa vyombo vya dola mwenye cheo kinacholingana na chake, kutoa amri ya kupekua na kuchukua kifaa pale anapokuwa na sababu za msingi za kuamini kwamba kina ushahidi wa kosa. Kwa maoni yangu hapo sheria imelegea mno, kwa kuwa idhini ya kuingia katika maisha ya mtu inatoka kwa askari mwenye cheo kwenda kwa askari aliye chini yake bila hakimu kuiona. Hata hivyo, hicho kidogo kinachotakiwa hukukipata. Hukukamatwa, hukuelezwa kosa, wala hukuonyeshwa amri yoyote. Aliyevaa kiraia alipaswa kwanza kukuonyesha kitambulisho chake cha kazi, maana askari kanzu asiyejitambulisha hana tofauti na mpita njia.

Kwa hiyo ungeweza kukataa, lakini kukataa kwenyewe kuwe kwa mdomo na si kwa mikono. Sema kwa sauti ya kawaida: "Afande, naomba kujua natuhumiwa kwa kosa gani. Kama simu inahitajika, twende kituoni ichukuliwe kwa maandishi." Akiendelea kuing'ang'ania, usipigane naye, kwa sababu kumzuia askari aliye kazini ni kosa linalojitegemea na litafunika lalamiko lako lote. Tamka tu, wenzako wakisikia, kwamba hukuridhia. Nimeshughulikia kesi za watu waliofungua simu wenyewe kwa hofu. Mahakamani upande wa mashtaka ukasema mshtakiwa aliifungua kwa hiari yake, na kwa kweli hakuna aliyemsikia akipinga.

Usifute chochote unapoona askari wanakuja, hata kama ni picha za harusi. Kufuta taarifa kwa nia ya kukwamisha upelelezi ni kosa chini ya sheria hiyo hiyo ya mwaka 2015, na nia yako itatafsiriwa na mtu asiyekufahamu. Vilevile amri halali ya maandishi ikishatolewa, kuikaidi kunaweza kukuletea shtaka jipya, kwa hiyo pingamizi lako lipitie kwa wakili. Namba ya siri ya pesa ni jambo jingine kabisa: usimtajie mtu. Miamala ikihitajika kwa upelelezi, kampuni ya simu inaweza kuitoa kwa utaratibu wake.

Simu ikichukuliwa, hakikisha hati inaandikwa hapo hapo na unaisoma kabla ya kutia saini. Iandikwe aina ya simu, namba ya IMEI inayoitambulisha simu yenyewe, laini zilizomo, kadi ya kumbukumbu kama ipo, na kama kioo kimepasuka au ni kizima. Hati iliyoandikwa "simu moja nyeusi" haitakusaidia siku utakayokwenda kuidai na kukabidhiwa nyingine nyeusi.

Kwa lililokwisha kutokea, andika tarehe, saa, mahali, jina ulilolisoma kwenye sare ya yule mwingine na majina ya madereva walioshuhudia, kisha peleka malalamiko kwa mkuu wa kituo, na nakala kwa Kamanda wa Polisi wa Mkoa. Usiporidhika, Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora inapokea malalamiko ya namna hii.

*Wakili, mimi ni mjane na ninauza dagaa kisiwani. Majira ya saa nane usiku askari na sungusungu walibisha hodi wakisema mpangaji wangu ameficha nyavu za timba. Walipekua vyumba vyote, hata begi langu la nguo. Askari mwanamume alinifungua pindo la khanga akatoa pesa zangu za mtaji, akaondoka nazo. Nyavu hazikuonekana. Sikupewa karatasi yoyote.*

Pole sana, mama. Uliyotendewa yana kasoro zaidi ya moja, na nzito kuliko zote ni ya mwisho, kwa hiyo nitaanza nayo. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inaagiza kwamba mwanamke apekuliwe na mwanamke mwenzake, tena kwa kuzingatia staha. Mkono wa askari mwanamume haukuwa na ruhusa ya kufika kwenye pindo la khanga yako, hata kama nyavu zingekutwa zimerundikwa uvunguni.

Kuhusu nyumba, kanuni ni kwamba upekuzi hufanywa kwa hati iliyotolewa na mahakama au kwa idhini ya maandishi ya mkuu wa kituo, na hati hutekelezwa kati ya macheo na machweo, isipokuwa mahakama imeruhusu saa nyingine. Upo upekuzi wa dharura usiohitaji hati, pale ambapo kuchelewa kungesababisha ushahidi kupotea, na ni kweli kwamba nyavu haramu zinaweza kupakiwa kwenye mtumbwi kabla jua halijachomoza. Lakini dharura inatakiwa ithibitishwe na anayeidai. Kama taarifa za nyavu hizo walikuwa nazo tangu mchana, watapata tabu kueleza kwa nini walisubiri saa nane za usiku.

Sungusungu, yaani walinzi wa jadi wa vijijini, tunawafahamu vizuri huku kwetu, maana walianzia Usukumani mwanzoni mwa miaka ya 1980, na sheria ya mwaka 1989 ikawatambua na kuwapa nguvu kama za mgambo. Nguvu hizo hazizidi za askari wa cheo cha chini kabisa. Jambo ambalo konstebo hawezi kulifanya bila karatasi, sungusungu hawezi kulifanya kwa fimbo.

Kisha kuna pesa. Sheria inataka kila kinachochukuliwa katika upekuzi kitolewe stakabadhi yenye saini ya mwenye nyumba au ndugu yake wa karibu, pamoja na ya mashahidi wa upekuzi kama wapo, na kwa kawaida shahidi huyo huwa balozi wa nyumba kumi au mwenyekiti wa mtaa au kitongoji. Mahakama ya Rufani imetupa ushahidi wa upekuzi wenye kasoro hizi zaidi ya mara moja, ingawa mahakama huwa na hiari ya kuupokea ikiona inafaa. Wewe hukushtakiwa, kwa hiyo hoja yako ni kurudishiwa mali. Mwandikie Mkuu wa Polisi wa Wilaya ukitaja kiasi, noti zilivyokuwa zimefungwa, na majina ya mpangaji na jirani waliokuwepo. Pesa isiyoandikwa kwenye hati haiwezi kuitwa kielelezo, na aliyeichukua aulizwe ameichukua kama nini. Kama huna uwezo wa kumlipa wakili, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria ambao hutoa huduma bila malipo. Ofisi ya maendeleo ya jamii ya wilaya itakuelekeza walipo.

*Katika mkutano wa hadhara niliuliza michango ya ujenzi wa madarasa imekwenda wapi. Mkuu wa wilaya akasema, "Mwekeni ndani saa 48." Niliwekwa mahabusu, na ndugu zangu wakaambiwa watoe pesa ili nipate dhamana. Je, sheria inamruhusu?*

Mamlaka yapo, lakini si kama yanavyotumika majukwaani. Sheria ya Tawala za Mikoa ya mwaka 1997 inamruhusu mkuu wa mkoa au wa wilaya kuamuru mtu akamatwe pale anapokuwa na sababu ya kuamini kwamba mtu huyo atavunja amani au kuvuruga utulivu, na kwamba hakuna njia nyingine ya kuzuia hilo isipokuwa kumweka ndani. Anatakiwa aandike sababu zake wakati anapotoa amri. Saa 48 ni kikomo, si adhabu: zikipita bila wewe kufikishwa kwa hakimu, unaachiwa, na huwezi kukamatwa tena kwa sababu ile ile. Kuyatumia mamlaka hayo vibaya ni kosa la jinai. Kuuliza mapato na matumizi ya mchango uliotoa mfukoni mwako sioni kunavunja amani ya nani, isipokuwa ya mwenye kushika daftari.

Waambie ndugu zako kwamba dhamana ya polisi haiuzwi, na shilingi yoyote inayoombwa kaunta kwa jina hilo ni rushwa ya kuripotiwa TAKUKURU. Ukanda wetu una historia katika jambo hili. Mwishoni mwa miaka ya 1980, Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu hapa Mwanza alimpa dhamana mshtakiwa wa unyang'anyi kutoka Musoma na kutamka kwamba kifungu kilichomnyima dhamana kilikwenda kinyume cha Katiba. Mwaka 1991 Mahakama ya Rufani ikakubaliana naye kwamba kifungu hicho hakikuwa halali. Haina maana kwamba kila kosa sasa lina dhamana. Yako makosa, kama mauaji na uhaini, ambayo sheria inayazuia, na mwaka 2020 Mahakama ya Rufani ilikataa kuondoa zuio la jumla la dhamana kwa makosa hayo. Lakini swali lililoulizwa mkutanoni halimo kwenye orodha hiyo.

Mwingine akikumbwa na hali kama yako, akumbuke pia kwamba akihojiwa halazimiki kujibu zaidi ya jina na anwani yake, na ana haki ya kuomba kuwasiliana na wakili, ndugu au rafiki. Mahojiano yana muda wake, yaani saa nne za awali, ambazo zinaweza kuongezwa hadi nane nyingine kwa utaratibu. Akishikiliwa kupita kiasi, ndugu zake wanaweza kuiomba Mahakama Kuu itoe amri ya kumfikisha mbele yake.

*Ofisi ya mtaa wetu imebandika ukutani majina ya wafanyabiashara wadogo, namba zao za NIDA na za simu. Sasa napigiwa na matapeli kila siku. Hilo ni halali?*

Kutangaza majina huenda kulikuwa na sababu. Kutangaza namba za NIDA sioni sababu yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyotungwa mwaka 2022 na kuanza kutumika Mei 2023, inazibana taasisi za umma na za binafsi kwa pamoja: taarifa itumike kwa lengo lililokusanyiwa, na anayeitunza aizuie isifike kwa asiyehusika. Piga picha ya tangazo hilo kabla halijaondolewa, mwandikie mwenyekiti alishushe, na nakala ipeleke kwa mtendaji wa kata. Wakikaa kimya, malalamiko yako yanapelekwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, yakiambatana na picha hiyo na orodha ya namba za matapeli waliokupigia.