Bodi Zinapopotoshana Ndani ya Mashine: Majibu kwa Mafundi wa Unguja na Pemba

Maswali ya safari hii yanatoka katika karakana mbalimbali, lakini tatizo ni moja: bodi mbili zenye mikrokontrola (kompyuta ndogo ndani ya chipu moja) zinaelewana vizuri juu ya meza, na zikishafungwa karibu na mota zinaanza kupelekeana data mbovu.

Mwalimu, nimetengeneza kikaushio kidogo cha karafuu kwa siku ambazo mvua za vuli haziruhusu kutandaza majamvi. Bodi inayopima joto iko ndani, ile ya kuendesha feni iko nje, na kati yao pana waya tatu za mita nane. Kila feni inapozimwa, joto linasomeka digrii 255, au bodi inaganda. Je, nibadilishe programu? (Fundi, Chake Chake)

Programu iache kwanza, ndugu yangu. Hiyo 255 yenyewe ni ushahidi, kwa kuwa ndiyo namba ya baiti ambayo biti zake zote nane zimesomwa kuwa moja. Yaelekea ujumbe uliharibika njiani na ukapokewa bila kuhojiwa. Na kwa sababu kasoro inakuja wakati wa kuzima, wa kwanza kumshuku ni kontakta, yaani swichi ya sumaku inayowasha na kuzima feni. Koili yake, ule waya uliozungushwa kutengeneza sumaku, haikubali mkondo wake ukatwe ghafla: ukikatwa, hutoa msukumo unaoweza kufika volti mamia kadhaa kwa muda mfupi sana, na msukumo huo hurukia waya zilizo jirani. Ikiwa koili ni ya DC, funga daiodi (kifaa kinachopitisha mkondo upande mmoja tu) sambamba nayo, upande wenye mstari ukielekea chanya. Ikiwa ni ya AC ya volti 230, usithubutu kuweka daiodi, kwani itapiga shoti nusu ya kila wimbi. Weka rezista ya omu 100 iliyounganishwa mfululizo na kapasita ya mikrofaradi 0.1 ya daraja la X2, ambayo imetengenezwa kwa ajili ya umeme wa majumbani.

Kisha tazama njia. Mafundi wengi hufunga waya za data pamoja na kebo ya mota ili kazi ionekane nadhifu, na unadhifu huo ndio unaowaponza. Zitenganishe walau kwa sentimita 20, na pale zinapolazimika kukutana, zipishane kwa pembe mraba. Hata hivyo, mita nane ni mbali mno kwa ishara ya volti 5 inayopimwa dhidi ya waya wa ardhi wa pamoja, kwa sababu mota inapowashwa au kuzimwa, volti ya waya huo wa ardhi hupanda na kushuka, na bodi inayopokea haina njia ya kujua kama kilichotikisika ni ujumbe au ni ardhi. Nunua vipande viwili vya kubadilishia kwenda RS-485. Mfumo huu, uliowekwa mwaka 1983, hupeleka ujumbe mmoja katika waya mbili zilizosokotwa, mmoja ukiwa kinyume cha mwingine, na mpokeaji huangalia tofauti baina yao tu. Kelele ya umeme inayozipiga zote mbili sawasawa hujifuta. Kwa kasi ndogo hufika hata mita 1200.

Mwalimu, mwisho wa kila ujumbe ninaweka jumla ya baiti zote ili mpokeaji ahakiki. Je, inatosha? (Mwanafunzi wa ufundi, Mbweni)

Haitoshi, mwanangu. Baiti mbili zikibadilishana nafasi, jumla inabaki ileile. Moja ikiongezeka kwa nne na nyingine ikipungua kwa nne, vilevile. Tumia CRC ya biti 16, yaani namba ya uhakiki inayopatikana kwa kugawanya badala ya kujumlisha, ambayo hugundua kila mkupuo wa makosa usiozidi biti 16, na kelele za mota kwa kawaida huharibu biti zinazofuatana. Ujumbe usiopita uhakiki utupwe wote; usijaribu kuokoa nusu yake. Kila ujumbe uwe na namba ya mfuatano, mtumaji arudie asipopata jibu, na mpokeaji asisubiri baiti iliyopotea bila kikomo cha muda, la sivyo ataganda hapo hapo.

Nakusihi jambo moja zaidi, kwa kuwa pana mikono ya watu karibu na mashine hizi. Bodi inayoendesha mota isipopata ujumbe sahihi kwa, tuseme, nusu sekunde, iizime mota yenyewe, na kitufe cha dharura kiwe na waya wake unaokata umeme wa kontakta moja kwa moja, bila kupita katika programu yoyote.

Je, kupunguza kasi kunasaidia? (Msomaji, Wete)

Kunasaidia. Kwa biti 9600 kwa sekunde, kila biti hudumu mikrosekunde 104. Kwa 115200 haifiki tisa, na kelele fupi humeza biti nzima. Joto la karafuu halihitaji haraka hiyo.

Mwalimu, kwenye mtambo wetu wa barafu tayari tunatumia RS-485. Bodi ziko tano, na kila moja nimeiwekea rezista ya omu 120, lakini mawasiliano yanakatika. (Fundi, Malindi)

Rezista hizo, ambazo kazi yake ni kuzuia ishara isirudi nyuma kama mwangwi, huwekwa katika ncha mbili za kebo tu. Tano kwa pamoja hufanya omu 24, mzigo unaozidi ule ambao vipande vya RS-485 vimeundwa kuubeba. Ondoa tatu za kati, na hakikisha kebo inapita bodi hadi bodi kwa mstari mmoja, bila matawi marefu. Kagua pia skrubu za viunganishi, kwani hewa ya chumvi ya bandarini hula shaba, na kiunganishi chenye kutu ya kijani hushika na kuachia kila mtambo unapotetema. Ukimaliza, zima umeme wote na upime kwa mita kati ya waya hizo mbili: ukiona takriban omu 60, washa.